Video ya Mama Iliyotoka Bila Ruhusa

Kasenga, Uvira
Tarehe 14 Novemba 2023
Asubuhi mvua nyembamba, mawingu yamekaa chini mlimani, ziwa limetulia.

Mpendwa kaka Gédéon,

Nakusalimu kwa upendo. U hali gani huko Kolwezi? Kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la mgodini kimepoa? Mke wako Ornella na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tunapumua, Mungu anatushika. Mama anakunywa uji, na juzi alitembea mpaka mlangoni akamgombeza kuku wa watu.

Barua hii anaileta Sévère, mtoto wa shangazi, anayeshuka Kalemie kwa boti, kisha ataendelea hadi kwako. Nimekupigia simu mara nyingi na hupokei. Sikulaumu. Najua ulichokiona.

Ile video ya mama kitandani, anaposema, “Gédéon, minye sikuombi kitu, ukuje tu unione,” sikuituma mimi katika kundi la mtandaoni la watu wa Uvira walio mbali. Lakini ilitoka kwangu, kwa uzembe wangu. Na yale waliyoandika chini yake, “Mwana gani huyu anaacha mama hivi?”, niliyasoma yote. Hawajui kwamba dawa za mama zinatoka mikononi mwako, wala kwamba mwaka huu umenyimwa likizo mara mbili.

Ilitokea hivi. Tangu Agosti tunatumia mtandao wa Chadrack, jirani yetu fundi wa pikipiki. Ameweka antena juu ya paa, na neno la siri amelitoa kwa kila nyumba inayomzunguka, kama mama zetu walivyogawana kaa la moto. Siku ya kwanza kompyuta iliniuliza kama mtandao huu ni wa nyumbani, wa kuaminiwa, au ni wa mahali pa watu wengi. Nikajibu ni wa nyumbani. Ningejibuje vingine? Majirani hawa ndio waliomzika baba pamoja nasi.

Tena nilifungua ile sehemu ya kushirikisha mafaili bila neno la siri, ili Fabiola binti yangu achukue masomo kwa simu yake bila kunisumbua. Mitihani ilipita. Sikukumbuka kuifunga.

Mama Victoire wa nyumba ya nyuma alikuwa anatafuta nyimbo za kwaya katika simu yake, kompyuta yetu ikamtokea kupitia mtandao huohuo, akaona dosie, yaani folda ya picha na video zetu, akaifungua. Akamwona mama amelala, akalia, akaituma ile video katika lile kundi ili watu wamwombee. Nilipomfuata alishangaa kabisa.

“Minye nilizania ni ya wote, mama Fabiola! Si iko mu mtandao yetu?”

Hata kompyuta nilikuwa nimeiambia vivyo hivyo.

Kinachoniuma zaidi, mama alinikataza kuituma. Alitaka turudie Jumapili, akiwa amefunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Aliposikia imetoka alisema, “Sasa Uvira yote imeona kichwa yangu? Weye Apolline, nilikukosea nini?” Akacheka kidogo, kisha akageukia ukuta.

Sasa nimefunga. Nimeiambia kompyuta kwamba mtandao ule ni wa watu wengi, ili isionekane na wengine. Nimezima kushirikisha mafaili na printa, ingawa printa yenyewe ilikufa zamani. Nimezima pia ile sehemu inayomruhusu mtu wa mbali kuishika kompyuta kana kwamba amekaa mbele yake, hatujawahi kuihitaji. Kisha tukajaribu kwa simu ya Mama Victoire, hatukuona kitu. “Eeh, umetufungia mulango,” akasema. Alikuwa anatania, lakini ilinichoma. Nawe ukiingia katika mtandao wa kambi ya wafanyakazi, angalia mambo haya kwanza. Usingoje kama mimi.

Nilichofunga ni mlango tu, video imeshakwenda.

Kaka, mama hajui yale maneno ya watu. Nimemficha. Anajua tu kwamba simu yako imenyamaza, na anadhani amekuudhi kwa kukuita. Mimi nikasirikie mwaka mzima ukitaka. Yeye mpigie. Kama kusikia sauti yangu ni vigumu, piga kwa Fabiola. Analala chumba kimoja na bibi yake.

Nisalimie Ornella, na wanao Dieudonné na Noella. Shangazi Geneviève wa Sange ametuma mchele, naye anakusalimu. Mungu akulinde chini ya ardhi na juu yake, akulete kwetu ukiwa mzima.

Dada yako asiyechoka kukupenda,
Apolline

Mama ameuliza tena kama umepiga. Nimemjibu kwamba mtandao ulikuwa mbaya leo. Saa nne na nusu usiku, naenda kulala.