Blanketi la Mchimba Kaburi

Kaka Lyle,

Barua hii ikukute huko Vancouver ukiwa mzima, na lile goti lako limepoa. Huku Whitehorse hatujambo, isipokuwa Mama Mdogo Irene, anayekohoa na bado anagombana na redio. Anakusalimu. Anasema kama umesahau njia ya nyumbani, mto uko palepale ulipouacha.

Karamu ya kusimamisha jiwe la kaburi la Mama ni tarehe kumi Agosti. Niliahidi kukueleza mazishi yalivyokuwa, nikawa napiga chenga tangu Februari ya mwaka jana. Leo nakueleza.

Ardhi ilikuwa imeganda. Sisi wa ukoo wa Mbwamwitu tulikaa tukalia kama inavyotupasa, na ukoo wa Kunguru ukashika kazi ya kupika na kuchimba. Waliwasha moto pale kaburini siku mbili ili udongo ulainike. Aliyeongoza ni Hector. Ndiyo, Hector yuleyule, na miaka yake sitini na mitatu na mgongo mbovu. Mama Mdogo alipomsihi apumzike, alimjibu, "Dada wee, huyu mama kanilisha tangu nina meno ya utoto. Koleo hili simwachii mtu." Kisha akamtania kwamba machozi yake yatagandisha udongo upya, na Mama Mdogo akacheka huku analia.

Unaukumbuka mlango wa nyumba yetu ya zamani? Wakubwa wa serikali walipobomoa nyumba zetu za ukingoni mwa mto, Mama aliung'oa akaupandisha kilimani mgongoni, kwa sababu Babu aliuchonga kwa mbao za meli ya mvuke aliyoikatia kuni. Hector ameutumia kujengea ugo wa kaburi la Mama, na hakutupa hata msumari mmoja. Najivunia watu hawa, Lyle, mpaka kifua kinauma.

Sasa zamu ya kushukuru ni yetu, na blanketi la kumshukuru mchimba kaburi hutolewa na mtoto mkubwa wa marehemu. Ndiye wewe. Najua uliapa hutakanyaga alipo Hector, tangu barafu ilipoichukua mashua ya Baba, ukadhani yeye ndiye aliyeishusha majini mapema, ukamwita mzembe mbele za watu, ukampiga, ukahama.

Kaka, mashua ile niliishusha mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliona maji wazi mbele ya nyumba, nikadhani barafu imekwisha. Sikungoja ile ya juu ya mto ikatike ishuke. Hector aliniona. Ulipomkaba hakunitaja, na miaka thelathini na minane hajanitaja. Nilinyamaza kwa kukuogopa, baadaye kwa aibu, na Mama akafa akikungoja.

Nimekwisha mwomba Hector radhi. Alisema nilikuwa mtoto, na kwamba hata hivyo ngumi zako hazikuwa kitu.

Nikasirikie utakavyo, nimestahili. Lakini njoo unikasirikie hapa, blanketi likiwa mkononi mwako.

Wabusu watoto. Hector naye anakusalimu. Amesisitiza niliandike hilo.

Mdogo wako,
Verna