Mjukuu wa Sita

Rasbura, Lindi
Jumapili, 2 Julai 2023. Asubuhi manyunyu, upepo wa kusi.

Dada Fortunata,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Leonard na watoto hamjambo. Sisi tunaendelea, ila Agnes bado hali chakula vizuri tangu tumzike Mama.

Arobaini ni tarehe 22. Nimeandaa wasifu wa Mama kutoka kwenye shajara yangu: alivyolima mihogo akatusomesha, alivyomlea Agnes miaka kumi na sita tangu ulipomwachisha ziwa ukaenda kuolewa Kilwa Masoko. Wajukuu nimeandika sita. Tarehe 3 Juni Mama aliniambia, "Arobaini yangu, mtoto huyu aitwe kwa jina, aweke ua na wenzake." Agnes alikuwa anamlisha uji. Alisikia.

Mdogo wako, Restuta

Kilwa Masoko
9 Julai 2023

Restuta,

Marahaba. Hatujambo, tunamshukuru Mungu. Usinipigie kuhusu jambo hili, simu yangu Leonard huishika.

Wajukuu andika watano. Leonard anajua Agnes ni yatima aliyehifadhiwa na Mama, na atabaki hivyo hivyo. Siku hiyo akae jikoni apike. Si ndiyo kazi anayoiweza? Na wewe uache kunifundisha umama, hata kuzaa hujazaa. Ukinifedhehesha, nyumba ya Mama naweka mpangaji. Mtajua wenyewe pa kulala.

Dada yako mkubwa

Rasbura
13 Julai 2023. Jua, baridi kidogo.

Dada,

Shikamoo. Nakuomba kwa ajili ya Mama. Agnes ameshashona gauni kwa kanga zake mbili. Kila siku ananiuliza ataitwa wa ngapi.

Mdogo wako, Restuta

Kilwa Masoko
17 Julai 2023

Watano.

Dada

Rasbura
Jumapili, 23 Julai 2023. Asubuhi jua kali, hakuna upepo.

Dada Fortunata,

Natumaini mlifika salama jana.

Nilisoma watano. Agnes aliacha sufuria la pilau, akanawa, akavaa lile gauni, akasimama nyuma ya wanao na ua la asumini. Shemeji akamwambia kwa upole, "Binti, subiri, hawa ni wajukuu." Ukacheka: "Moshi umemchanganya huyo!" Watu wakacheka.

Akarudi jikoni akawapakulia wote. Wewe alikuletea maji ya kunawa. Ulinawa bila kumtazama.

Mlipoondoka akaniuliza, "Mama mdogo, Bibi alinidanganya?"

"Hapana."

"Basi ni wewe."

Karatasi niliishika mimi, mdomo uliosoma ni wangu. Kwenye shajara nimeandika hivyo hivyo, wala sikukutaja. Tangu hapo hajanisemesha. Usiku kucha alikaa kwenye kitanda cha Bibi akiwa na gauni lile lile.

Restuta

Nyongeza: Ndiyo kwanza amelala, ua mkononi. Saa nne na dakika kumi asubuhi.