Programu Isiyohesabu Ng'ombe

Leipzig, Ujerumani

Mdogo wangu Saning'o,

Supai. Itikia hapo ulipo, kisha ukae chini, maana barua ni ndefu. Mguu wa mama, Yeyo wetu, unaendeleaje? Ile dawa ameinywa, au amempa tena jirani mwenye mguu mbaya kuliko wake? Ndama wameacha kuhara? Nasikia mvua imepiga Karatu mpaka watu wa Endamarariek wameshapanda mahindi na mbaazi, halafu ikagoma kuja huko kwetu Oloipiri. Kama ni kweli, najua mmeshaanza kuyatazama majani ya upande wa pili wa vigingi vya kambi ya watalii, na ndiyo maana naandika kwa haraka.

Mimi mwili ni mzima. Baridi ipo, nimeizoea. Moyo ndio umenichafuka, na sitakuficha.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu nimeikwepa kwa sababu mbili. Kwanza mtandao wa pale kilimani unaujua, unakata mtu anapofika kwenye neno lenyewe. Pili, nakujua wewe. Ningekupigia ungeniambia, "Kaka, hilo niachie, nitampanga mzee taratibu," na mzee asingeambiwa mpaka leo. Barua hii inaletwa na mwanafunzi mmoja wa Mbulu anayerudi likizo. Ataiacha Karatu kwa shemeji yetu dereva wa watalii, naye nimemwomba aifikishe bomani kwa mkono wake mwenyewe. Lazima iwafikie kabla wazee hawajakaa kumhukumu Mzee Sendeu. Isome kwanza peke yako. Kisha isome kwa sauti mbele ya baba, Sendeu naye akiwepo. Ndiyo, Sendeu. Usikunje uso, endelea kusoma.

Unaijua kazi iliyonileta huku. Kampuni inatengeneza kola za ng'ombe, ile mikanda ya shingoni yenye kifaa, na mimi ni mmoja wa wanaoandika programu inayomwonyesha mfugaji kwenye simu ng'ombe wake aliyepotea yuko wapi. Kola za kwanza tulimfungia baba. Alivyokataa unakumbuka! Alisema wazungu wanataka kumhesabia mifugo, na mtu anayehesabu mifugo ya mwenzake hamtakii mema. Nikamwapia kwamba hatahesabiwa hata mmoja. Nikakaa naye kwenye kigoda nje ya zizi, akanitajia kila ng'ombe kwa jina lake na rangi yake, nami nikaandika: Naibor mweupe, Narok mweusi, na yule jeuri mwenye pembe iliyovunjika. Programu nikaiandika hivyo hivyo. Ukiifungua inakupa majina, wala hakuna mahali inapokupa jumla. Ofisini waliniuliza kwa nini. Nikawaeleza kwamba kwetu mfugaji anawajua ng'ombe wake kwa sura, na anayemuuliza wako wangapi amemkosea adabu. Wakafurahi sana. Wakati ule nilidhani wamefurahia adabu ya baba. Walikuwa wamepata hadithi ya kuuzia kola.

Basi wiki iliyopita kulikuwa na mkutano mkubwa wa watu wanaoandika programu. Wametoka nchi nyingi, wengi vijana, wamevaa fulana na mabegi ya bure, kila mmoja ana kadi ya jina inayoning'inia shingoni. Nilicheka peke yangu pale mlangoni, nikasema kumbe na hawa wamefungwa kola. Hicho ndicho kicheko changu cha mwisho kwa siku ile, kwa hiyo nakipa heshima yake hapa.

Nilikuwa nimepangwa kuzungumza jukwaani. Bosi wangu anaitwa Anke. Ni mama mwenye roho nzuri, na hilo ndilo linaloniuma zaidi; koti ninalovaa huku alininunulia yeye siku ya kwanza aliponiona natetemeka. Aliniomba nivae shuka siku hiyo. Nikamwambia huwa sivai shuka kazini, hata yeye hajawahi kuniona nalo. Akasema, "Watu watakukumbuka vizuri zaidi." Nikavaa, juu ya suruali ya jinzi na viatu vya theluji. Kijana aliyenikaribisha jukwaani akasema mimi nimekua nikipigana na simba. Saning'o, mimi nimekua nikipigana na hesabu za kidato cha pili kwenye bweni kule Karatu. Simba nimemwona kutoka kwenye gari la shemeji kama mtalii mwingine yeyote.

Lakini nilipoanza kusema, yote hayo niliyasahau. Niliwaeleza jinsi unavyoweza kuandika programu ya wafugaji bila kuhesabu. Niliwaeleza kwamba kompyuta inapenda namba, na kuizuia isihesabu ni kazi ngumu kuliko kuiruhusu. Nikawaonyesha picha ya baba, amemshika Naibor sikio. Wakatulia kabisa. Waandishi wa programu huwa hawatulii, kila mtu ana kompyuta mapajani anachapa mambo yake, ila siku ile walifunika kompyuta zao wakanisikiliza. Nilijivuna, sitakudanganya. Nilisema moyoni, laiti mzee angekuwa hapa.

Nilipomaliza wakapiga makofi, na Anke akapanda jukwaani. Akasema ana zawadi kwa ajili yangu, sehemu mpya ya programu ambayo wenzangu wa chumba kingine wameimalizia bila kuniambia ili nishtukizwe. Nilishtuka kweli. Alibonyeza, na juu ya skrini, kwa tarakimu ndefu kuliko mimi, ikatokea idadi ya ng'ombe wa baba.

Siiandiki hapa, kwa kuwa mzee atakuwa anasikiliza. Wewe jua tu kwamba ng'ombe wa baba yetu wamehesabiwa mbele ya watu wasiomjua, na watu hao walipiga makofi.

Kisha akafungua ramani. Nilikitambua kilima chetu, bwawa, boma letu na la Sendeu. Palipo na vigingi vya ile kambi ya watalii palikuwa na mstari mwekundu. Anke akaeleza kwamba kambi imenunua huduma: ng'ombe mwenye kola akivuka mstari, simu ya askari wao inalia na kuwaambia yuko wapi na anaelekea wapi. Alisema ni njia ya amani, kwamba wenye ng'ombe na wenye kambi hawatagombana tena. Akaonyesha mfano wa kweli, wa majaribio ya kiangazi kilichopita. Vitone vikashuka korongoni, vikavuka mstari, vikasimama. Kando yake yakajipanga majina. Naibor. Narok. Yule wa pembe iliyovunjika.

Wewe ulikuwepo korongoni siku ile. Ulinipigia ukasema askari walikuja moja kwa moja, hawakutafuta, hawakuuliza, kama watu walioitwa. Ukasema, "Kaka, kuna mtu ametuuza kweupe." Baba alilipa faini mpaka akashindwa, waliobaki mikononi mwao wakauzwa mnadani, na Naibor akaondoka na mtu wa malori. Mkakaa kumtafuta aliyewaita askari. Mkamshika Sendeu, kwa kuwa mpwa wake ni mpishi kule kambini. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Mpwa anakaanga mayai ya watalii, basi mjomba ni msaliti! Tangu siku hiyo ng'ombe wa Sendeu wananyweshwa mwisho, yakiwa yamebaki matope. Baba, aliyetahiriwa naye msimu mmoja, hanywi tena chai kwake. Uchumba wako na Nashipai, binti yake, mzee ameuvunja, nawe hukumtetea hata kwa neno moja. Na sasa wazee wanataka kukaa wamfukuze majini kabisa. Mtu akifukuzwa majini kiangazi hiki amefukuzwa duniani.

Sendeu hakumwita mtu. Nalisema hapa waziwazi ili usome kwa sauti ya juu ukifika: Mzee Sendeu hakumwita mtu. Walioita ni kola. Kwenye ile ramani kulikuwa na saa ya kila kitone, na saa ya simu ya askari kulia. Nimeyaona kwa macho yangu, nimesimama jukwaani na shuka langu, natabasamu kwa sababu uso ulikuwa umeshaganda hivyo.

Kulikuwa na nafasi ya maswali. Dada mmoja aliyekaa nyuma akasimama akaniuliza mimi, siyo Anke, "Baba yako anajua kuhusu huo mstari?"

Nikasema, "Hajui."

Anke akacheka kidogo, akashika kipaza sauti chake akasema, "Tutamweleza pamoja, tukienda kumtembelea." Wakapiga makofi tena. Watu hawa wanapenda makofi, Saning'o, sijapata kuona.

Nilimfuata nje, kwenye meza za kahawa. Nikamwambia ng'ombe walikamatwa, wakauzwa. Akasikitika kweli. Akasema hakujua kama waliuzwa, alidhani huwa wanarudishwa nyumbani.

Nikamwambia, "Zima huo mstari."

"Siwezi kuuzima, kambi ndiyo wateja wetu," akasema. "Baba yako kola alizipata bure. Ulidhani nani anazilipia?"

Sikuwahi kujiuliza, na mimi ndiye niliyesoma. Baba, ambaye hakwenda shule, aliuliza siku ya kwanza kabisa, "Bure ya nani?" Nikamcheka, nikasema, "Ya wazungu, mzee, wana pesa." Sasa hivi nikikumbuka kicheko kile natamani kujipiga.

Jioni ile nilifungua kompyuta niufute ule mstari mwenyewe. Mlango nilikuta umefungwa. Neno langu la siri halikubaliki tena kwenye sehemu ile, ninaweza kuingia kwenye majina tu. Nimesema nitaacha kazi. Anke amesema nipumzike kwanza, nifikirie, kwani nikiacha kazi kibali changu cha kukaa huku nacho kinakwisha. Nimeshafikiri. Nitarudi, sijui mwezi gani, na sitarudi na kitu mkononi. Yeyo usimwambie nakonda.

Hii ndiyo kazi yako. Chukua kisu uzikate kola zote, usimwachie hata ndama. Usizitupe porini. Zirundike hapo bomani, kwenye zizi la ndama, ili kwenye ramani yao ng'ombe waonekane wamelala nyumbani siku nzima. Waache wajiulize ng'ombe gani hawa wasiosikia njaa. Jirani yeyote aliyefungiwa kola mwambie afanye vivyo hivyo, na akikuuliza ni nani amesema, nitaje.

Baada ya hapo ng'oa majani, uyashike mkononi, uende kwa Mzee Sendeu kama anavyokwenda mtu anayeomba radhi. Nenda mchana, watu wakuone, kwa sababu na kumzomea mlimzomea mchana. Kama baba atakubali kwenda, mtangulize yeye. Kama atakataa, nenda peke yako, useme umekwenda kwa niaba yangu. Akikufukuza, rudi kesho yake. Kuhusu Nashipai sina la kukushauri. Akikukataa ana haki, na usije ukanipigia kulalamika.

Nisalimie Yeyo, mwambie koti ninalo na ninakula. Msalimie mama mdogo anayenigandishia maziwa kila ninapokuja, na dada yetu mkubwa aliyeolewa Daa, kwa mume wake Mwiraqw. Mwambie mume huyo kwamba shemeji yake aliyekuwa anajigamba kwa kazi ya Ulaya ameacha kujigamba. Mpe pole yule mzee wa bwawa anayepanga zamu za maji, umwombe kwa heshima ng'ombe wa Sendeu wanyweshwe mapema kuanzia siku ile ile barua hii itakaposomwa, wasisubiri kikao.

Baba nimemweka mwisho. Ukimaliza kusoma, namjua, atachokonoa ardhi kwa fimbo. Usimharakishe. Halafu atakuuliza nani, kati ya watu wote, aliyewapeleka askari kwa ng'ombe wake. Mwambie jina la mtu huyo analijua. Alinipa yeye mwenyewe nilipozaliwa.

Parsaloi