Bao la Kocha

Wewe, nimetoka kwenye kikao cha klabu sasa hivi, sijui nicheke au nilie.

Eti yule kiungo wetu mkongwe aongezewe mkataba wa miaka miwili. Miwili! Magoti yale ninayoyafunga bandeji mimi kila asubuhi!

Sababu? Mwenyekiti katoa simu, katuonyesha video ya bao la mbali la huyo kiungo. "Mguu kama huu unauachaje?" Wajumbe makofi.

Kocha akasema taratibu, "Mwenyekiti, huyo kipa aliyefungwa ni mimi."

Kocha! Aliyestaafu kudaka zamani, leo ana kitambi na miwani!

Unadhani waliona haya? Mwenyekiti kajibu, "Basi wewe ndiye shahidi wetu."

Miwili, nakwambia! Ikapigwa kura, mikono yote juu.

Usinicheke. Hata mkono wa kocha. Hata wangu.