Mama Mdogo Arudishwe Ilongero

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Wifi na watoto hawajambo? Alizeti zimekubali mwaka huu? Mama je, anaweza kushika kikombe mwenyewe? Mimi leo naweza kushika kalamu, ndiyo maana naandika. Kwenye simu ungenikatiza.

Sikuwaambia kwamba nimeumwa. Tangu baridi iliyopita huku ughaibuni vidole vilivimba, asubuhi nikawa siwezi hata kufunga vifungo vya wazee ninaowahudumia kazini. Nikaitazama mikono yangu, nikaona ya mama. Vidonge vya kwanza havikutosha. Daktari akanipima damu, akahakikisha sina TB, ndipo akaniandikia sindano mpya ambayo najichoma mwenyewe pajani. Alisema ni baridi yabisi: kinga ya mwili wangu imegeuka, inashambulia viungo vyangu yenyewe, na dawa hii inazuia kitu kimoja tu kinachochochea uvimbe. Haiondoi ugonjwa, lakini imenirudishia mikono.

Nikamuuliza kama mtu anaweza kumtupia mwenzake ugonjwa huo.

"Hapana," akasema. "Kwenu kuna mwingine anao?"

Nililia pale pale, kaka, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira, na bado ninayo.

Mganga mliyemtoa Shelui alisema Mama Mdogo alipaka kitu kwenye jiwe la kusagia uwele, ili mke mwenzake apinde vidole. Mkalivunja jiwe. Wewe uliyekula ugali wa jiwe lile mpaka ukaota ndevu, mbona vidole vyako vizima? Au Mama Mdogo alipanda ndege akanifuata mimi huku? Mama alipolia akisema mwenzake hana kosa, mkadai ni uchawi unaosema. Sasa jiulize: vidole vya mama vilipokataa, nani alimlisha uji? Nani alimsuka? Mikono hiyo ndiyo mliyoipakia kwenye lori la vitunguu kuipeleka Mitundu.

Na hao wa zahanati nao wananichefua. Mama alianza kuumwa akiwa bado ananyonyesha, wao wanampa dawa ya maumivu na kumwambia ni uzee. Sindano hii siwezi kuituma, inaharibika kwa joto, na haichomwi bila vipimo. Kwa nini iwe huku tu, sijui wa kumuuliza. Lakini mpeleke mama hospitali kubwa, useme binti yake anao ugonjwa huu. Zipo dawa za zamani zinazosaidia, na hata hizo hajawahi kupewa.

Kabla ya hapo, nenda Mitundu ukamrudishe wewe mwenyewe, pamoja na wazee walewale waliokaa kikao cha kumfukuza. Mliyoyasema mbele ya watu, myafute mbele ya watu.

Msalimie wifi, na shangazi aliyekataa kushangilia siku ile lori lilipoondoka. Mama mwambie nampenda. Salamu zangu kwa Mama Mdogo ziko humu humu, lakini usimpelekee huko Mitundu. Msomee akiwa amekaa mlangoni kwake, Ilongero.

Mdogo wako,
Mwajuma