Jina Langu Chini ya Neno Volunteer

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ulinilea wewe, siwezi kuanza kukueleza shida kabla sijakuamkia.

Nakuandikia nikiwa na kinyaa. Juzi nilikaa ofisini hapa Morogoro mjini nikachapa tangazo, na leo limezaa jambo ambalo limenifanya nishindwe hata kula.

Unalikumbuka daftari lako la Kiingereza? Kule juu mlimani wewe ndiye ulikuwa mwalimu pekee wa somo hilo, na kila jioni tukiosha karoti za kupeleka sokoni ulinipa neno moja. Kamusi ulikuwa nayo, lakini hukunisomea. Ulinitaka nitaje mtu wa kijijini anayelistahili hilo neno. Nikimkosa, unanikataza kulitumia. Nikimpata, unaandika jina lake chini ya neno, kwa penseli, kwa sababu ulisema mtu anaweza kuacha kustahili.

Neno 'volunteer' tulimpa Mzee Pius. Siku ile ya gulio mama mmoja alishikwa na uchungu, njia inateleza kwa mvua, na wabeba machela hawatoshi. Mzee Pius alikuwa hasalimiani na mume wa yule mama. Alitua kabichi zake kando ya njia, akaweka bega, akashuka nao mpaka barabara ya magari. Kabichi zililiwa na mbuzi. Ukaniambia, "Volunteer ni mtu ambaye angeweza kukataa, na kesho yake bado ungemsalimia vizuri."

Sasa ungekuja uone neno lako linavyotumika huku. Shirika ninalofanyia kazi lina vijana sita waliomaliza chuo, wote wanaitwa volunteer. Wanaripoti saa moja asubuhi, wanasaini, wakichelewa wanafokewa. Mmoja nimemkuta anaosha gari la meneja, mwingine katumwa kumchukulia nguo kwa dobi. Wafadhili wakija, vijana hao wanavalishwa fulana zenye neno hilo mgongoni na kupigwa picha wakicheka. Hawathubutu kuondoka, maana barua ya kuwaombea kazi kwingine ataiandika meneja huyo huyo.

Lakini meneja hanichefui kama ninavyojichefua mwenyewe. Yeye hakufundishwa na wewe. Juzi aliniagiza tangazo la kutafuta vijana wengine. "Andika volunteer," akasema, "wafadhili wanalipenda." Nikaandika, kwa Kiingereza kile kizuri ulichonipa, kwamba volunteer asiyefika Jumamosi ataondolewa. Sikukosea hata herufi moja.

Leo asubuhi tangazo likamleta binti mmoja wa Gairo. Akaniuliza kwa upole, "Dada, je nikipata udhuru Jumamosi?"

Nikamjibu, "Kama hutaki sema, wenzako wako wengi nje."

Mdomo huu huu. Binti akainamisha kichwa, akasema, "Basi dada, nitakuja." Jumatatu anakuja kusaini.

Nimerudi nyumbani nikafungua daftari lako, nililolitunza tangu tulipokuzika. Chini ya Mzee Pius kuna jina langu. Uliliandika wakati unaumwa, ule mwaka niliokataa kurudi mjini nikabaki kukufulia na kukukanda miguu. Hukuwahi kuniambia. Nililikuta baada ya matanga, na kwa miaka yote hii nimekuwa nikilitazama kila nikijisikia mnyonge.

Leo nimelifuta. Pamebaki doa la kijivu, na ukichungulia vizuri bado linasomeka. Naona haya, mjomba, na hiyo haya nimeitafuta mwenyewe.

Jumatatu, kabla yule binti hajashika kalamu, nitamweleza maana ya neno kama ulivyonieleza. Nitamwambia anaweza kukataa, na kesho yake tukikutana nitamsalimia vizuri. Nitamwomba na radhi. Meneja akisikia atanifukuza. Na anifukuze.

Penseli nimeiacha katikati ya daftari, kwenye ukurasa ule ule. Jina langu sitalirudisha kwa mkono wangu. Hata zamani hatukuwahi kujiandika wenyewe.

Lala salama, mjomba.

Mpwa wako,
yule wa kuosha karoti