Yasmini Isiyochanua

Shoga, nimetoka kwa jirani sasa hivi.

Si unajua yasmini yangu, mwaka wa tatu huu haijatoa hata ua moja? Jirani huyo ndiye aliyeniambia, "Kata ncha zote kila mwezi, itachanua." Nikakata! Kumbe nayakata maua kabla hayajazaliwa!

Leo nimeikuta yake nyeupe pee, uani kwake kote kunanukia. Haijui mkasi! Nikamuuliza. Akacheka: "Nilidhani ungegundua mwaka wa kwanza."

Mwaka wa kwanza, shoga!

Halafu akanikaribisha kwenye benchi jipya. Nikalikagua. Ule mkono wa fundi naujua: ni wa yule seremala aliyetaka kunioa.

Hebu nikumbushe, nani alinishauri nimkatae?